Maji Yanayoamua Vita: Je, Mchezo wa Mikakati wa Enzi za Kati Uwe na Vita vya Majini?

Utangulizi

Michezo ya mikakati si migeni kwetu. Kabla kompyuta hazijafika, Wanyarwanda walikuwa na igisoro, Waganda walikuwa na omweso, na watu wa pwani walikuwa na bao. Yote hiyo ni michezo ya mashimo na kete, ambamo mchezaji hupanga, huteka na hulinda kilicho chake. Leo vijana wengi hapa Kimironko huchezea simu na kompyuta, na baadhi yao wameanza kutamani kutunga michezo yao wenyewe badala ya kucheza ya wengine.

Swali ninalolijadili katika insha hii limetokana na tamaa hiyo. Wanafunzi wenzangu wachache wanaosomea kompyuta wanapanga mchezo wa mikakati kuhusu Afrika Mashariki kati ya mwaka 1000 na 1600. Waliniuliza mimi ninayesoma historia na Kiswahili: je, tuweke vita vya majini? Wao wenyewe walikuwa wamegawanyika. Mmoja alishikilia kwamba mchezo usio na meli za kivita hautampendeza mtu. Mwingine alijibu kwamba babu zetu hawakuwa na jeshi la majini, kwa hiyo kuweka meli za kivita ni kudanganya watu.

Nimelichukua swali hili kwa uzito kwa sababu moja. Wanafunzi wengi hukutana na mchezo kabla ya kukutana na kitabu. Aliyecheza vita fulani mara 20 atakuwa na picha yake kichwani, na mhadhara mmoja hauwezi kuifuta picha hiyo kwa urahisi. Hoja yangu ni kwamba mchezo huu lazima uyape maji nguvu ya kuamua vita, lakini mapigano ya chombo kwa chombo yawekwe tu pale ushahidi unapoyaonyesha. Nitaanza na jinsi michezo mingine ilivyolitatua tatizo hili, kisha nitaangalia pwani, halafu maziwa yetu, na mwisho nitatoa mapendekezo.

Michezo iliyopo imefanyaje

Watunzi wa michezo ya enzi za kati hawajakubaliana kuhusu bahari. Katika Medieval II: Total War, uliotoka mwaka 2006, mchezaji huongoza askari wake mwenyewe katika kila pigano la nchi kavu, lakini meli zinapokutana baharini kompyuta ndiyo inayopiga hesabu na kutangaza mshindi. Kampuni hiyo ilimpa mchezaji usukani wa meli baadaye, mwaka 2009, katika Empire: Total War, na mchezo huo unahusu karne ya 18, si enzi za kati. Katika Crusader Kings III wa mwaka 2020 hakuna makundi ya meli kabisa: jeshi linafika ufukweni, linalipa dhahabu, linavuka. Age of Empires II wa mwaka 1999 umechukua njia ya tatu. Humo kuna bandari, mashua za uvuvi, na meli za kivita za kila namna zinazopigana wazi mbele ya macho ya mchezaji.

Hatuwezi kusema kwamba mmoja wao amekosea. Kila jibu lina mantiki yake kwa Ulaya. Katika vita vya Sluys, mwaka 1340, Waingereza na Wafaransa walipigana kwenye sitaha za meli kwa pinde na panga, karibu kama vile wangepigana uwanjani. Meli ilikuwa kipande cha ardhi kinachoelea. Mtunzi anayesema kwamba vita kama hivyo ni vita vya nchi kavu vilivyohamia majini ana sababu ya kuviachia kompyuta.

Tatizo linaanza pale majibu hayo yanapoletwa kwetu bila kupimwa. Mwaka 2015 Age of Empires II uliongezewa sehemu kuhusu Afrika. Waliingizwa Waberberi, Waethiopia na Wamali, na pamoja nao wakaingizwa Wareno. Waswahili hawakuwamo. Sehemu ya Wareno inafuata maisha ya Francisco de Almeida, yaani mtu aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Kwa hiyo kijana wa Kigali au wa Mombasa anayecheza sehemu hiyo anaingia katika Bahari ya Hindi akiwa upande wa aliyekuja na mizinga. Mchezo wa Humankind ulifanya vizuri zaidi mwaka 2022 ulipowaingiza Waswahili na kuwapa mtepe kuwa chombo chao maalumu. Lakini hapo ndipo swali la wenzangu linaporudi: mtepe ulikuwa chombo cha namna gani, na je, ulipigana?

Pwani: bahari ilikuwa njia

Mtepe ulishonwa. Mbao zake zilitobolewa na kuunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa kwa majani ya mnazi au mkindu. Chombo cha namna hiyo kina faida zake. Kinanyumbuka kikigonga fungu la mchanga au kikilazwa ufukweni maji yakipwa, na vifaa vya kukitengeneza vinapatikana kila kijiji chenye minazi. Lakini ni chombo cha kubeba shehena. Hakikuundwa kustahimili kishindo cha mizinga inayofyatuliwa kutoka juu yake.

Nguvu ya miji ya pwani ilitokana na upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Uhindi. Kusi hufuata na kuvirudisha. Kilwa ipo karibu na mwisho wa safari ambayo mfanyabiashara wa kaskazini angeweza kuifanya kwenda na kurudi bila kupoteza msimu mzima. Dhahabu ya Sofala ilikuwa mbali zaidi kusini. Aliyeishika Kilwa alikaa mlangoni, akapokea ushuru. Hilo ndilo lililojenga jumba la Husuni Kubwa na kuupanua msikiti mkuu.

Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anaeleza kwamba watu wa Mombasa walikula ndizi na samaki, na nafaka yao ililetwa kutoka sehemu nyingine za pwani. Kuhusu Kilwa anamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mkarimu mno kwa wageni, ambaye alifanya mashambulizi mengi katika nchi za bara na kugawa nyara alizopata. Tuzingatie maelezo hayo. Sultani wa kisiwa, mwenye bandari iliyojaa vyombo, alipotaka vita aliivuka bahari na kupigana bara.

Kuna habari ya zamani zaidi. Katika kitabu cha hadithi za mabaharia kinachohusishwa na Buzurg bin Shahriyar, inasimuliwa kwamba takriban mwaka 945 watu walioitwa Waqwaq walikuja na mitumbwi kama elfu moja wakaushambulia mji wa Qanbalu, ambao wataalamu wengi wanaufikiria kuwa ulikuwa Pemba. Walitaka pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watumwa. Idadi ya mitumbwi yaweza kuwa chumvi ya mabaharia. Lakini umbo la vita lenyewe linaeleweka: wavamizi walivuka bahari kubwa, wakafika, wakashindwa kuuteka mji kwa sababu ulikuwa na ngome imara na maji pande zote. Hatuelezwi kwamba wenyeji walitoka na vyombo kuwapiga baharini.

Kwa nini miji tajiri kama hii haikuweka manowari? Nadhani jibu limo katika biashara yenyewe. Miji ilikuwa mingi: Mogadishu, Pate, Lamu, Malindi, Mombasa, Zanzibar, Kilwa. Mfanyabiashara aliyesumbuliwa bandari moja angeenda nyingine msimu uliofuata. Mji ulipata mapato yake kwa kuvutia vyombo, na kuvinyanyasa baharini kungeufukarisha. Kuweka meli za kivita mwaka mzima kungekula faida iliyotafutwa.

Maji kupwa na maji kujaa

Mtu anaweza kuhitimisha kutokana na hayo kwamba mchezo unaweza kuiacha bahari iwe rangi ya buluu tu kwenye ramani. Simulizi za pwani zinakataa.

Habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo nyingi za kutosha kukizunguka. Wakati huo watu waliweza kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Mtawala yule alikusudia kurudi na jeshi, awaue wageni na kuchukua mali yao. Wageni wakachimba mahali pa kivuko. Jeshi lilipofika likangoja maji yatoke, na maji hayakutoka kama zamani. Halikuweza kuvuka. Iwe ni tukio la kweli au ni njia ya wazee kueleza haki ya watawala wao, hadithi hii inatuonyesha jinsi watu wa Kilwa walivyoufikiria ulinzi wao. Boma lao la kwanza lilikuwa mkondo wa maji.

Mombasa nayo ilikuwa na kivuko cha Makupa, kati ya kisiwa na bara. Mwaka 1589 kivuko hicho kilikuwa sehemu ya maangamizi yake. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa kisiwani pamoja na wenyeji waliotaka kuwatoa Wareno. Upande wa bara walikuwa Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini. Kundi la meli za Wareno kutoka Goa likaingia bandarini. Wenyeji waligawanya nguvu zao kati ya kivuko na bandari, na mji ukaanguka. Miaka minne baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu.

Mfano wa tatu ni wa baadaye, lakini unaonyesha kwamba kanuni haikubadilika. Katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, majeshi ya Mombasa na Pate yalivuka kuja kuishambulia Lamu. Watu wa Lamu waliwarudisha nyuma hadi ufukweni. Wavamizi walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa pale pale. Baada ya ushindi huo Lamu, ikihofia kisasi cha Mombasa, ilitafuta ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na siasa ya pwani nzima ikachukua mkondo mwingine.

Katika mifano yote mitatu maji yamechangia kuamua vita, na hakuna hata mmoja ambamo manowari za Waswahili zimepambana na manowari nyingine katikati ya bahari. Mtunzi anayejua kuandika programu ataona mara moja kwamba hapa pana mchezo mzuri. Saa ya maji inaonekana pembeni ya kioo. Unao muda mfupi wa kushuka, kupigana na kurudi. Ukichelewa, jahazi lako ni ukuni.

Mwaka 1505 na maana yake

Sasa tufike kwenye tukio ambalo mchezo hauwezi kulikwepa. Vasco da Gama alipita mwaka 1498. Mwaka 1503 Rui Lourenço Ravasco, akiwa na meli moja tu yenye mizinga, aliviteka vyombo vya Zanzibar na kumlazimisha mtawala wake kulipa kodi kila mwaka. Mwezi Julai 1505 Almeida aliiteka Kilwa karibu bila upinzani. Amiri Ibrahim alikimbia. Mwezi Agosti aliishambulia Mombasa, ambako watu walipigana mtaa kwa mtaa na kuwarushia askari mawe kutoka juu ya nyumba. Mji ukachomwa moto. Malindi, hasimu wa Mombasa, ilichagua urafiki na Wareno.

Hapa ndipo uamuzi wa watunzi unapogusa historia yenyewe. Tuseme wameipa Kilwa manowari ili mchezo uwe na usawa. Mchezaji hodari atazizamisha meli za Almeida, atafurahi, na atabaki akidhani kwamba Kilwa ya kweli ilianguka kwa uzembe wa sultani. Tuseme upande mwingine wameifuta bahari kabisa. Basi Wareno watatokea ufukweni kama jeshi lolote, na mchezaji hatajua ni kwa nini watu wachache kutoka mbali waliweza kuitisha pwani ndefu kiasi hicho.

Kilichotokea ni kwamba aliingia mtu mwenye kanuni tofauti. Wareno walileta meli zinazobeba mizinga, na walileta pia wazo la kwamba bahari inaweza kumilikiwa: kila chombo kibebe hati yao, kisichonayo kitekwe. Utaratibu wa zamani, ambao uliifanya miji iwe tajiri kwa sababu hakuna aliyeifunga njia, haukuwa na jibu la haraka kwa jambo hilo. Na hata hivyo mizinga haikumpa Mreno kila kitu. Ngome yake ya Kilwa iliachwa mwaka 1512, kwani mji uliokosa biashara haukuwa na faida ya kulindwa. Mchezo mzuri ungemwachia mchezaji agundue mambo yote mawili kwa mkono wake: jinsi mizinga inavyoiteka bandari kwa siku moja, na jinsi bandari iliyotekwa inavyoweza kugeuka mzigo.

Maziwa: hapa mitumbwi ilipigana

Msomaji wa Rwanda atauliza: sisi wa milimani tunaingiaje? Tumezoea kuisoma historia ya ufalme wetu kama historia ya vilima, ng'ombe na majeshi ya miguu. Lakini mpaka wetu wote wa magharibi, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ni maji, na vita vilivuka maji hayo.

Mfano ulio wazi zaidi wa vita vya majini katika ukanda wetu uko Buganda. Waganda walikuwa na mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, jambo linalonishangaza kila ninapofikiria mtepe wa pwani. Walikuwa na kiongozi wa mambo ya ziwani, Gabunga, mwenye cheo kilichotambuliwa na kabaka. Mwaka 1875 Kabaka Mutesa alipigana na watu wa Buvuma, wakazi wa visiwa vya Ziwa Viktoria, naye Henry Morton Stanley alikuwapo. Stanley alihesabu mitumbwi 325 ya upande wa Buganda, na akasema 230 kati yake ndiyo iliyofaa kwa vita. Lazima tumsome Stanley kwa tahadhari, kwani alipenda kujikuza na kukuza alichokiona. Lakini hata yeye anakiri kwamba watu wa Buvuma, waliokuwa wachache, waliisumbua sana mitumbwi ya kabaka kwa sababu walilijua ziwa kuliko majirani wao. Hapa, kwa kweli, mtumbwi ulipigana na mtumbwi.

Kwetu, jina la kwanza ni Kigeli IV Rwabugiri. Alipeleka majeshi Ijwi, kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu, zaidi ya mara moja. Mfalme wa kisiwa, Kabego, aliuawa, na Ijwi ikawekwa chini ya Rwanda kwa muda. Jeshi lililozoea kushinda kwa wingi wa watu vilimani lilihitaji mitumbwi, wapiga makasia, na watu wa ufukweni wanaoijua njia. Bila hao, askari elfu walikuwa watazamaji tu wa kisiwa ng'ambo ya maji. Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa katika msafara wa kwenda Bushi, upande wa pili wa ziwa hilohilo, na baada ya kifo chake ukoo wa Kabego ukarejea madarakani Ijwi. Kuvuka ziwa kulikuwa kazi ya msimu mmoja. Kulishikilia eneo la ng'ambo kulihitaji kuvuka kila mwaka.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Mifano hii miwili ni ya karne ya 19. Kuhusu enzi za kati zenyewe katika nchi ya maziwa makuu tuna mapokeo ya mdomo na ushahidi wa akiolojia, na wanahistoria hawakubaliani hata juu ya tarehe za falme. Alexis Kagame aliuanzisha ufalme wa Rwanda mbali sana, katika karne ya 11. Jan Vansina aliuweka mwanzo wa ufalme wa Wanyiginya katika karne ya 17. Mchezo unaoishia mwaka 1600 hauna ruhusa ya kumpa kabaka wa mwaka 1400 mitumbwi 300 ya kivita kwa sababu tu Stanley aliiona mwaka 1875. Ama watunzi wasogeze mwisho wa mchezo hadi 1900 na kuufanya sura mbili, ama wayaache maziwa yawe na mitumbwi ya kuvusha watu na bidhaa tu.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza nililolisikia ni kwamba mchezo ni mchezo. Watu hucheza ili wafurahi. Anayetaka ukweli asome kitabu. Naliheshimu wazo hili, kwani mchezo unaochosha hautamfundisha mtu chochote. Lakini linachukulia kwamba furaha iko katika mizinga peke yake. Mchezaji wa bao anajua kwamba utamu uko katika kuhesabu: nikipanda hapa, atafika wapi, nitabaki na nini. Kungoja kusi, kujua kwamba nafaka ya Mombasa imebaki ya mwezi mmoja, kuamua kama uvuke Makupa usiku huu au ungoje maji yapwe tena kesho, hayo ni mahesabu ya aina hiyohiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sijalisikia kwa wenzangu bali nimelifikiria mwenyewe. Ijwi leo ni sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu wake wana kumbukumbu yao ya Rwabugiri, na kumbukumbu hiyo haifanani na ile tunayokua nayo sisi. Je, ni busara kumpa kijana wa Kigali pointi kwa kukiteka kisiwa hicho, katika miaka hii ambayo maneno kati ya nchi zetu mbili ni makali? Nilifikiria kwamba pengine ni heri kuiacha. Lakini kuiacha kungekuwa kuificha, na kinachofichwa hurudi kwa mlango mwingine. Pendekezo langu ni kwamba sura ya Ijwi ichezwe kwanza kutoka kisiwani. Mchezaji awe upande wa Kabego. Aone mitumbwi ikija, achague kupigana, kulipa au kukimbilia msituni, na ajue kwamba walio ndani ya mitumbwi ile ni watu wa kwao. Mtu aliyecheza hivyo hatakitazama kisiwa kama zawadi inayomngoja.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, nawashauri watunzi mambo matano. Kwanza, pepo za msimu ziwe sheria ya mchezo: chombo cha mbali kisafiri na kaskazi au kusi, na atakayechelewa alale bandarini hadi upepo ugeuke. Pili, visiwa viwe na saa ya kupwa na kujaa, kwa kuwa ndiyo iliyofungua na kufunga milango ya Kilwa, Mombasa na Lamu. Tatu, miji itegemee chakula na ushuru, ili kuifunga njia kuwe silaha na pia kuwe hasara kwa anayeifunga. Nne, mizinga ya baharini iingie na Wareno mwaka 1498, si kabla, na miji iweze kuijibu kwa mapatano, kwa vita vya mitaani, au kwa kutafuta msaada wa mbali kama Mombasa ilivyofanya kwa Mir Ali Bey. Tano, mapigano ya mtumbwi kwa mtumbwi yawekwe katika sura ya maziwa ya karne ya 19, na upande dhaifu uwe wa kwanza kuchezwa.

Mapendekezo haya hayahitaji michoro ya gharama kubwa. Kinachohitajika zaidi ni kalenda, jedwali la maji, na watu waliosoma. Kwa kundi dogo la wanafunzi, hilo si jambo dogo la kufikiria.

Hitimisho

Swali lilikuwa kama mchezo wa enzi za kati uwe na vita vya majini. Kwa Afrika Mashariki, ushahidi unatuelekeza kwenye jibu la ndiyo lenye mipaka. Pwani ilipigana kwa msaada wa maji: mkondo uliochimbwa Kilwa, kivuko cha Makupa, ufukwe wa Shela. Meli zenye mizinga zilikuja na Wareno, na tukizipandikiza mapema zaidi tunaifuta sababu halisi ya yaliyotokea mwaka 1505. Maziwa yalishuhudia mitumbwi ikipigana, lakini kwa tarehe ambazo lazima tuziheshimu.

Wapo wanaosema kwamba bara letu halikuwa na historia ya bahari, na wapo wanaotaka kulitungia manowari ili lifanane na mabara mengine. Wote wawili wanaipima pwani kwa kipimo cha Sluys. Wazee wa Kilwa walikuwa na kipimo chao: walipoulizwa mji wao ulisalimikaje mwanzoni, walisimulia habari za mtaro na maji ya bahari. Wenzangu wakitaka kuanza kuandika programu yao, waanzie pale.